Hermann: Mji uliogeuza vilima vya mawe kuwa mali

TRENI itokayo St. Louis kwenda Kansas City, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, husimama kwa muda mfupi tu katika kituo kidogo kilichopo kando ya mto Missouri. Abiria anayeshuka hapo hahitaji kutafuta usafiri. Akitembea kidogo tu amekwishafika katikati ya mji, kwenye nyumba za matofali mekundu zilizojengwa hadi ukingoni mwa barabara, maduka yenye majina ya Kijerumani, harufu ya soseji zinazochomwa, na juu vilimani, safu za mizabibu.

Huo ndio mji wa Hermann. Una wakazi wapatao 2,200 tu, idadi ambayo ni ndogo kuliko ya kata nyingi za Tanzania. Lakini kila mwaka, hasa mwezi Mei na Oktoba, mji huo hufurika wageni wanaofuata mambo mawili: mvinyo na historia ya Wajerumani walioujenga.

Kwa mtalii, Hermann ni mahali pa kupumzika mwisho wa wiki. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, ni darasa. Mji huo ulianza kwa hasara, ukatajirika kwa zao moja, ukafilisika kwa sheria moja, kisha ukainuka tena baada ya wenyeji kugundua kwamba shamba linaweza kuuza zaidi ya mavuno.

Walinunua ardhi bila kuiona

Habari ya Hermann inaanzia mbali na hapo, katika jiji la Philadelphia, mashariki mwa Marekani. Mwaka 1836 Wajerumani waliohamia jijini humo waliunda chama cha makazi. Nia yao ilikuwa kununua ardhi upande wa magharibi na kujenga mji ambao watoto wao wangeendelea kuzungumza Kijerumani na kufuata mila za kwao. Wanachama walichangia fedha kwa kununua hisa.

Mwaka 1837 chama kilimtuma mwalimu wa shule, George Bayer, kwenda kutafuta eneo. Alinunua zaidi ya ekari 11,000 kando ya mto Missouri, mahali palipomkumbusha bonde la mto Rhine huko Ujerumani. Mji ukapewa jina la Hermann, shujaa wa kale wa Wajerumani aliyeyashinda majeshi ya Warumi.

Tatizo ni kwamba ramani ya mji ilichorwa Philadelphia, na watu ambao hawakuwa wamefika eneo lenyewe. Kwenye karatasi mitaa ilinyooka vizuri. Barabara kuu, Market Street, ilipangwa kuwa pana sana, na hadi leo wenyeji hujigamba kwamba inaizidi ile ya Philadelphia yenye jina hilohilo. Lakini kwenye ardhi yenyewe, viwanja vingi viliangukia kwenye miteremko mikali, makorongo na mawe.

Walowezi 17 wa kwanza walifika Desemba 1837, baridi ikiwa imeanza na nyumba hazijajengwa. Walipoona ardhi waliyolipia, lawama zilimwangukia Bayer. Alifariki dunia mwaka 1839, akiwa bado analaumiwa na watu aliowatafutia makazi.

Kwa mkulima wa nafaka, ardhi ile ilikuwa ni hasara. Bonde la mto lilikuwa na rutuba, lakini vilima havikufaa kulimwa kwa jembe la kukokotwa na farasi.

Kiwanja dola 50, riba hakuna

Wenyeji hawakukimbia. Waliona kwamba kwenye vilima hivyo hivyo zabibu za porini zilistawi bila kupaliliwa. Wengi wao walitoka sehemu za Ujerumani ambako mvinyo ni kitu cha kawaida mezani, hivyo waliamua kujaribu.

Mwaka 1844 uongozi wa mji ulichukua hatua ambayo inafaa kuangaliwa na halmashauri yoyote yenye ardhi isiyotumika. Viwanja vya vilimani viliuzwa kwa ajili ya mizabibu kwa dola 50 kimoja, na mnunuzi akapewa miaka mitano ya kulipa bila riba. Mamia ya viwanja vilichukuliwa.

Mpango huo ulilingana na tabia ya zao lenyewe. Mzabibu unahitaji takriban miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana. Mkulima anayedaiwa kuanzia mwezi wa kwanza hawezi kuusubiri. Kwa kumpa miaka mitano, mji ulimruhusu alipe deni kwa zabibu za shamba lile lile.

Mwaka 1847 mmoja wa wakulima hao, Michael Poeschel, alianzisha kiwanda cha mvinyo ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Stone Hill. Kilikua hadi kikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa nchini Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa na uwezo wa kutengeneza galoni milioni 1.25 kwa mwaka, yaani zaidi ya lita milioni 4.7. Mvinyo wake ulishinda medali katika maonyesho ya dunia ya Vienna mwaka 1873 na Philadelphia mwaka 1876.

Mahandaki yenye dari za matao yaliyochimbwa kilimani ili kuhifadhi mapipa yangalipo, na mgeni anayelipia kutembezwa huingizwa humo. Humo ndani hali ya hewa ni baridi ya wastani mwaka mzima, bila kutumia mashine yoyote. Ndiyo maana wazee wale walichimba.

Mche uliofaa udongo wa hapo

Siri nyingine ya mafanikio ilikuwa mbegu. Mizabibu ya Ulaya ilipopandwa Missouri ilikufa kwa baridi, ukungu na wadudu. Baadhi ya aina za Kimarekani zilizojaribiwa mwanzoni nazo ziliozea mtini.

Jibu lilipatikana kwenye zabibu nyeusi ndogo iitwayo Norton. Iligunduliwa na daktari Daniel Norton wa Richmond, Virginia, miaka ya 1820, lakini sifa yake ilipanda ilipofika Hermann. Inastahimili magonjwa ya ukungu kuliko nyingi, na hutoa mvinyo mwekundu mzito. Ina kasoro zake: vipande vyake vinavyopandwa bila kubebeshwa ni vigumu kutoa mizizi, na punje zake ni ndogo. Hata hivyo, mwaka 2003 Missouri iliitangaza kuwa zabibu rasmi ya jimbo.

Mgeni anaweza kuiona historia hiyo ikiwa hai katika makumbusho ya Deutschheim, yanayoendeshwa na serikali ya jimbo tangu mwaka 1978. Nyuma ya nyumba ya familia ya Strehly, ambayo pia ilikuwa na mtambo wa kuchapa gazeti la Kijerumani, kuna mizabibu ya Norton iliyopandwa miaka ya 1850. Ingali inazaa.

Ujuzi wa wakulima wa Missouri uliwahi kuisaidia hata Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1860, mdudu mdogo aitwaye filoksera, anayefyonza mizizi, aliteketeza mashamba ya mizabibu ya nchi hiyo. Mtaalamu wa wadudu wa Missouri, Charles Riley, alikuwa miongoni mwa waliobaini kwamba mdudu huyo ametoka Amerika, na kwamba mizizi ya mizabibu ya Kimarekani imekwishamzoea. Dawa ikawa ni kubebesha mizabibu ya Kifaransa juu ya mizizi ya Kimarekani. George Husmann, mkulima aliyekulia Hermann, alikuwa mmoja wa waliopeleka miche kutoka Missouri.

Husmann huyo huyo alihamia Napa, California, mwaka 1881, na kuchangia kukuza eneo ambalo leo ndilo maarufu zaidi kwa mvinyo nchini Marekani.

Sheria moja, giza la miaka 45

Januari 1920 serikali ya Marekani ilianza kutekeleza marufuku ya kutengeneza na kuuza vileo nchi nzima. Kwa Hermann hilo lilikuwa pigo la pili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wamarekani wenye asili ya Ujerumani walikuwa tayari wakitazamwa kwa shaka, na lugha yao kupigwa vita mashuleni na makanisani.

Viwanda vilifungwa. Mizabibu iling'olewa au ikaachwa imezwe na vichaka. Mji uliokuwa umejengwa juu ya zao moja ulibaki bila kazi, na ukaonja umaskini miaka kadhaa kabla ya mdororo mkuu wa uchumi wa mwaka 1929 kuifikia Marekani yote.

Marufuku iliondolewa Desemba 1933, lakini ruhusa ya kisheria haioti shambani. Mizabibu haikuwepo, mitambo ilikuwa imeuzwa, wateja walikuwa wamezoea vinywaji vingine, na mafundi wengi walikuwa wamezeeka au kufariki. Mahandaki ya Stone Hill yalitumika kuoteshea uyoga. Ilikuwa biashara halali na ilitumia vizuri baridi na giza la humo, lakini haikuweza kuurudishia mji utajiri wake.

Hali iliendelea hivyo hadi mwaka 1965, pale mkulima Jim Held na mkewe Betty walipohamia Stone Hill na watoto wao wanne. Hawakuwa matajiri. Waliishi ghorofani katika jengo la kiwanda huku wakiyaondoa matuta ya uyoga na kurudisha mapipa. Kazi hiyo ndiyo iliyoamsha upya kilimo cha mizabibu katika eneo hilo.

Familia nyingine, ya Puchta, ilikuwa imeanza kutengeneza mvinyo mwaka 1855 nje kidogo ya mji. Nayo ilisimama kwa sababu ya marufuku. Lakini haikuuza shamba. Mwaka 1990 wajukuu walifungua tena kiwanda kwenye ardhi ile ile ya mababu. Leo jina la ukoo huo kwenye chupa ni tangazo ambalo mgeni kutoka nje hawezi kulinunua.

Kuuza kwenye mlango wa shamba

Hata kabla ya mvinyo kurudi, wenyeji walikuwa wamekwishaanza kuuza historia yao. Mwaka 1952 walifufua sikukuu ya Mei, Maifest, ambayo zamani ilikuwa mandari ya watoto wa shule. Wengine walijitolea kuzuia nyumba kuukuu zisibomolewe. Wakati huo ingeonekana ni kazi ya watu wasio na shughuli, kwani nyumba kuukuu katika mji maskini haina bei. Leo nyumba hizo ndizo zinazolaza wageni.

Mzunguko wa fedha ni rahisi kuuelewa. Mgeni anafika Ijumaa jioni kwa treni au gari. Analala kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, ambayo mara nyingi mmiliki ndiye mpishi wa kifungua kinywa. Jumamosi anapanda gari linalozungusha wageni kwenye viwanda, anaonja mvinyo, ananunua chupa kadhaa. Mchana anakula soseji na kabichi ya kuchachusha. Kabla ya kuondoka ananunua jibini, jamu na vitu vya kale.

Fedha za mgeni mmoja zimepita mikononi mwa mkulima, mwenye nyumba, dereva, mwenye bucha na muuza duka. Na mkulima ameuza chupa yake bila dalali, bila kusafirisha, na bila kusubiri kulipwa na msambazaji.

Viwanda vilivyopo kati ya Hermann na mji jirani wa New Haven, umbali wa takriban kilomita 30, ni washindani. Pamoja na hayo vimeungana kuendesha njia moja ya mvinyo. Kwa pamoja huuza tiketi za mwisho wa wiki maalumu, ambapo mgeni hupita kiwanda hadi kiwanda na kila kimoja humpa mvinyo na kionjo cha chakula. Mojawapo hufanyika Februari, katikati ya majira ya baridi, na chakula chake ni chokoleti. Mwezi huo hakuna jani kwenye mizabibu, lakini vyumba vinajaa. Kwa kuwa tiketi huuzwa mapema, kila kiwanda kinajua idadi ya wageni kabla ya kufungua mlango.

Serikali nayo ina mchango. Eneo la Augusta, chini kidogo ya mto huo huo, lilikuwa la kwanza nchini Marekani kutambuliwa kisheria kama eneo maalumu la mizabibu, mwaka 1980, likaitangulia hata Napa. Hermann ilitambuliwa mwaka 1983. Maana yake ni kwamba chupa yenye jina la eneo hilo lazima angalau asilimia 85 ya zabibu zake zitoke hapo. Jina la mji limekuwa mali inayolindwa. Aidha, senti chache zinazokatwa kwa kila galoni ya mvinyo inayouzwa Missouri hurudi kwenye bodi ya zao kwa ajili ya utafiti na matangazo. Jimbo hilo sasa lina viwanda vya mvinyo zaidi ya 100.

Njia za kufika pia zimeongezwa. Reli ya zamani iliyopita upande wa pili wa mto iligeuzwa kuwa njia ya baiskeli na miguu iitwayo Katy Trail, yenye urefu wa karibu kilomita 386. Daraja jipya la Hermann lilipofunguliwa mwaka 2007 lilijengwa likiwa na njia ya waendesha baiskeli, ili waweze kuvuka hadi mjini.

Si kila siku ni sikukuu

Mafanikio hayo yana gharama. Julai 1993 mto Missouri ulifurika na kufikia karibu futi 37 kwenye kipimo cha Hermann, wakati mafuriko huhesabiwa kuanzia futi 21. Mashamba ya bondeni yalizama. Vilima vile vilivyolaaniwa na walowezi ndivyo vilivyobaki salama.

Aprili 2007, baada ya joto kuiwahisha mizabibu kuchipua, baridi kali ilirudi ghafla na kuunguza machipukizi. Wakulima wengi wa Missouri walipoteza sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka huo.

Jirani naye anaweza kuwa tatizo. Mizabibu ni rahisi sana kudhuriwa na baadhi ya dawa za kuua magugu zinazopuliziwa kwenye mahindi na soya. Upepo ukivuma vibaya, dawa ya shamba moja huharibu shamba la pili. Anayepanda mizabibu katikati ya wakulima wa nafaka hana budi kuzungumza nao mapema.

Vilevile biashara ya wageni haina mtiririko sawa. Oktoba vyumba havitoshi, lakini Jumanne ya Januari mitaa ni mitupu. Mwenye nyumba ya wageni asiyejiwekea akiba msimu mzuri hulazimika kukopa msimu mbaya. Na mji unaouza kilevi hauna budi kuhakikisha mgeni aliyekunywa haendeshi gari, ndiyo maana magari ya kuzungusha wageni ni huduma ya lazima.

Somo kwa mkulima

Wakulima wa zabibu wa Dodoma wana jambo ambalo Hermann haina. Kule Missouri zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, kati ya Agosti na Oktoba. Dodoma huvuna mara mbili. Pamoja na hayo, kilio cha wakulima wengi wa Dodoma kimekuwa ni soko: zabibu zimeiva, kiwanda kimejaa, na tunda halisubiri.

Hermann haina dawa ya kila tatizo, lakini inaonyesha mambo manne. Kwanza, mkopo uendane na umri wa zao. Pili, mkulima asitegemee mnunuzi mmoja au bidhaa moja, kwani kilichouangusha mji huo hakikuwa ukame bali mlango mmoja wa soko uliofungwa. Tatu, washindani wanaweza kugawana gharama ya kumleta mgeni, kisha kila mmoja akamwuzia chake. Nne, nyumba kuukuu, jina la ukoo na chakula cha nyumbani ni bidhaa, mradi havijabomolewa au kusahauliwa.

Hilo la nne halihitaji mizabibu. Kijiji chenye kahawa, asali, karafuu au samaki, na chenye jambo la kusimulia kuhusu mahali hapo, kina mtaji wa kuanzia. Kinachobaki ni usafi, uaminifu wa bei, na mtu wa kumpokea mgeni.

Walowezi wa mwaka 1837 walidhani wameuziwa mawe. Wajukuu wao wanalipwa na watu wanaokuja kuyatazama mawe hayo huku wakinywa kilichoota juu yake. Waswahili walikwishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.